Nimonia ilikuwa kifuani, kwa nini damu igandie pajani?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Tabata, nina watoto wawili. Mkubwa, Baraka, ana miaka 7. Mwezi uliopita alianza kikohozi na homa, tukampa dawa ya duka, kisha zahanati wakampa amoksilini. Siku ya tano akazidiwa, tukapelekwa hospitali wakasema ni nimonia kali. Alikaa ICU siku sita, akawekewa oksijeni na mpira kwenye mshipa wa kinena cha kushoto, na dawa zikabadilishwa. Tuliporudi wodini alianza kula vizuri. Ghafla mguu wa kushoto ukavimba, na usiku ule akaanza tena kuhema na kusema kifua kinachoma upande mmoja. Wakapima, wakasema damu imeganda kwenye mshipa wa paja na kipande kimekwenda kwenye mapafu. Sasa tuko nyumbani, namchoma sindano ya enoksaparini asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Mimi nilijua damu kuganda ni ugonjwa wa wazee. Imetokana na ule mpira? Itarudi? Mama mkwe amekuja kutoka Tanga na mafuta yake, anataka kumchua ule mguu. Kuna vidonge badala ya sindano? Anaweza kucheza mpira? Na mdogo wake wa miezi 8 ameanza kukohoa tangu juzi, nimechanganyikiwa. Mama Baraka.

JIBU: Marahaba, Mama Baraka, na pole sana kwa yote. Siku sita za kukaa kwenye benchi nje ya mlango wa ICU si siku za kawaida katika maisha ya mzazi.

Nyuma ya maswali yako nasikia lingine ambalo hukuliandika: kama tungewahi, au kama wasingemwekea ule mpira, je, haya yangetokea? Nadhani hilo ndilo linalokunyima usingizi, kwa hiyo naanza nalo.

Baraka hakupata magonjwa mawili. Donge la damu lililoonekana pajani ni matokeo ya nimonia ileile, athari yake imefika huko kwa njia ya damu. Mwili ukivamiwa na vijidudu kwa wingi, damu hugeuka tabia, inakuwa na haraka ya kuganda. Ini hutengeneza fibrinojeni nyingi kuliko kawaida, hiyo ndiyo protini inayosuka nyuzi za donge. Ukuta wa ndani wa mishipa, ambao siku zote huwa laini na wenye kuteleza, huvimba na kuanza kunata. Ni ulinzi wa mwili huo, kwa sababu damu ikiganda karibu na vijidudu huwazingira wasisambae. Shida ni kwamba ugonjwa ukiwa mkali ulinzi huo hupitiliza, na damu huanza kuganda hata mahali ambapo hakuna adui.

Madaktari tunafundishwa mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya mshipa, na mpaka leo yanabeba jina la daktari Mjerumani wa karne ya 19, Rudolf Virchow: ukuta wa mshipa kuumia, damu kwenda polepole, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Mtazame mwanao kwa jicho hilo. Alikuwa na homa siku tano bila kunywa vya kutosha, damu ikawa nzito. Alilala chali siku sita, na misuli ya miguu ndiyo inayosukuma damu ya miguuni kurudi moyoni, isipocheza damu inazubaa. Halafu ndani ya mshipa wa kinena palikuwa na mpira. Wewe ni mtu wa Dar, umeuona Mto Msimbazi. Maji yakiwa na kasi, taka zinapita. Kasi ikipungua na pakawa na gogo limekwama chini ya daraja, taka ya kwanza hunasa hapo, na zinazokuja hunasa juu yake.

Kwa hiyo ndiyo, mpira ulichangia. Sitakuzunguka. Kwa watoto waliolazwa, mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa ndiyo sababu inayoongoza ya damu kuganda, na sehemu ya kinena ina hatari zaidi. Lakini mtoto anayeshindwa kupumua, shinikizo la damu linashuka, na mishipa ya mikononi imesinyaa kwa kukosa maji, anahitaji dawa ziingie sasa hivi na si baada ya nusu saa ya kutafuta mshipa. Kwa unavyoeleza hali yake, hata mimi ningeuweka. Nimekaa upande ule wa kitanda, najua jinsi dakika zinavyokimbia.

Ninaloweza kulaumu, na hapa najilaumu mwenyewe kwanza, ni kutotazama miguu. Miaka mingi nyuma, nikiwa bado daktari mdogo katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikuwa na mgonjwa wa kike wa miaka 9 mwenye nimonia na usaha kifuani. Kila asubuhi nilisikiliza mapafu yake, nikasoma oksijeni kwenye mashine ya kidole, nikaandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri. Khanga ya mama yake ilimfunika kuanzia kiunoni, na mimi sikuwahi kuifunua, maana ugonjwa ulikuwa juu. Siku ya nne muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka akaniita: “Daktari, huu mguu mbona kama wa mtu mwingine?” Tulimwazima fundi cherehani wa nje ya geti tepu yake. Shavu la mguu wa kulia sentimita 26, la kushoto 30. Alikuwa amelalia mguu wa sentimita 30 siku mbili nzima huku mimi nikiandika maneno mazuri kwenye faili. Alipona, lakini mguu ule uliendelea kumchoka kila jioni kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo nafunua khanga.

Umesema ulijua huu ni ugonjwa wa wazee. Uko karibu na ukweli. Watoto hugandisha damu mara chache sana ukilinganisha na watu wazima, na wanaopata ni zaidi wale wachanga kabisa na wale wanaobalehe. Mtoto wa miaka 7 hapatwi hivihivi. Karibu kila mara kuna kitu kimemsukuma, na kwa Baraka tunakijua. Hiyo ni habari njema, na nitakuonyesha kwa nini nikifika kwenye swali la kurudi.

Kuna jambo moja kwenye barua yako lililonifanya nisome mara mbili: amoksilini haikumsaidia, na hospitali wakabadilisha dawa. Nimonia ya watoto chini ya miaka mitano mara nyingi husababishwa na virusi au na bakteria wa nyumokoka, na nyumokoka husikia amoksilini. Mtoto wa shule ni habari nyingine. Kuna kijidudu kiitwacho Mycoplasma pneumoniae, hupendelea sana umri wa shule, na hakina ukuta wa nje ambao dawa za jamii ya amoksilini huuvunja. Unaweza kumpa amoksilini wiki mbili, kijidudu hakina habari. Kinahitaji dawa za jamii ya azithromaisini. Na hichohicho kina sifa mbaya ya kuufanya mwili utengeneze, kwa muda, kingamwili zinazochochea damu kuganda. Kuna watoto wanaogandisha damu kwa kijidudu hiki bila hata kuwekewa mpira, wengine kwenye mguu, wengine ndani ya moyo, wachache kwenye ubongo wakapata kiharusi. Utakaporudi kliniki, uliza kama kwenye karatasi zake za kutoka wameandika azithromaisini au kuhisi Mycoplasma. Kama ndivyo, watataka kurudia vipimo vya kingamwili hizo baada ya wiki kadhaa ili wajue zimeondoka, na kwa kawaida huwa zinaondoka.

Ngoja nigeuze mambo kidogo, maana wasomaji wengine watafaidika. Safari hii inaweza kwenda kinyume, donge likatangulia na nimonia ikafuata. Mtoto anacheza chandimu, anapigwa teke gotini, mguu unauma. Nyumbani wanamchua. Homa inapanda, wanasema ni malaria. Siku ya nne au ya tano anaanza kuhema na kukohoa, akifika hospitali eksirei ya kifua inaonyesha madoa ya mviringo pande zote mbili. Hapo nimonia haikuanzia kifuani. Bakteria wa stafilokoka waliingia kwenye mfupa uliogongwa, mshipa wa karibu ukavimba na damu ikagandia ndani yake pamoja na bakteria, kisha vipande vikawa vinameguka na kupelekwa mapafuni, kila kipande na usaha wake. Mtoto wa namna hii anahitaji antibayotiki za mshipa kwa wiki nyingi, daktari wa mifupa atoboe na kutoa usaha, na dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa ya kikohozi haigusi chochote hapo. Kwa hiyo mzazi ukiwa mbele ya daktari kwa ajili ya kikohozi, na mtoto alikuwa anachechemea wiki hiyo, sema. Sema hata kama hujaulizwa.

Kwa watoto wenye selimundu, ile wengi wetu tunayoiita siko seli, hadithi ina sura yake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa nayo, inakadiriwa kama 11,000 kila mwaka. Kwao maumivu ya kifua na kushuka kwa oksijeni huweza kuwa nimonia, au mishipa midogo ya mapafu kuziba, au vyote kwa pamoja, na kutofautisha ni kazi hata kwa mtaalamu. Hakuna kusubiri nyumbani. Na kwa watoto wadogo, hasa chini ya miaka miwili, nyumokoka mkali mara chache husababisha madonge madogo madogo ya damu ndani ya mishipa ya figo. Mguu hauvimbi, lakini mtoto anapauka, uso unavimba, na nepi inakaa kavu kutwa nzima. Nepi kavu kwa mtoto mwenye nimonia ni jambo la kumwambia muuguzi saa hiyohiyo.

Sasa turudi kwa Baraka na sindano zake.

Enoksaparini haiyeyushi donge. Inalizuia lisikue na lisizae mengine, na mwili wenyewe ndio unaolitafuna polepole. Ndiyo maana mguu haupungui kwa siku mbili, na ndiyo maana ukiacha sindano kwa sababu mguu umepungua unakuwa umeondoa mlinzi wakati mwizi bado yumo ndani ya uzio. Chagua saa mbili zinazopishana kwa saa 12 na usizibadilishe. Familia nyingi zinapenda saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, kwa sababu mtoto yuko nyumbani. Ziandike ukutani. Ukisahau ukakumbuka baada ya saa mbili tatu, choma. Ukikumbuka wakati sindano inayofuata imekaribia, iache iliyopita na uendelee na inayofuata kwa kiasi kilekile. Usimchome mbili kwa mpigo kufidia.

Dozi ya mtoto hutokana na uzito, na sindano nyingi zinazouzwa zimejazwa kwa kipimo cha mtu mzima. Hapo ndipo makosa yanapotokea majumbani. Muombe muuguzi au mfamasia akuonyeshe kwa mkono wake, na akuwekee alama ya wino kwenye bomba mahali pa kuishia. Wengine watakupa bomba dogo la insulini ili upime vizuri zaidi. Kisha mwombe akutazame wewe ukifanya, si wewe umtazame yeye. Baraka atakuwa anaongezeka uzito sasa kwa kuwa anakula, kwa hiyo kila mkienda kliniki apimwe, maana dozi ya mwezi wa kwanza inaweza kuwa ndogo mwezi wa tatu. Mchome tumboni mbali na kitovu, au kwenye paja la kulia, leo hapa kesho pale. Mguu uliovimba uache. Ukishachoma, bonyeza taratibu kwa pamba bila kusugua, ukisugua kesho utakuta alama ya bluu na utashtuka bure. Sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na uirudishe kituo cha afya. Jirani ana watoto pia.

Kuhusu mama mkwe. Amesafiri kutoka Tanga kwa mapenzi, nami sitaki nyumba igombane kwa ajili yangu. Mwambie daktari amesema mguu huu hauchuliwi, haukandwi kwa maji ya moto, haufungwi kitambaa cha kubana. Donge likiwa bado bichi limeshikilia ukuta wa mshipa kwa upande mmoja tu, na mkono unaokanda unaweza kulibandua, na likibanduka njia yake ni moja: linapanda kwenye mshipa mkubwa wa tumbo, linapita moyoni, linakwama mapafuni. Safari hiyo Baraka ameshaifanya mara moja. Mafuta ya nazi ya kupaka tu juu ya ngozi hayana neno. Na bibi mpe kazi ya kweli. Awe ndiye anayepima mashavu yote mawili ya miguu kwa tepu kila Ijumaa, mahali palepale, na kuandika. Bibi aliyepewa tepu na daftari huwa mkali kuliko daktari.

Kuna mengine matatu ya mtaani ambayo lazima niyaseme kwa sababu najua yanafanyika. Mtoto aliyekohoa sana huwa kuna mtu atasema ana kimeo, kikatwe. Mwingine atasema achanjwe chale kifuani atoe kichomi. Kukata kimeo hakutibu nimonia ya mtu yeyote, lakini kwa mtoto anayechomwa enoksaparini ni kumwaga damu isiyozuilika kooni. Chale vilevile. La tatu ni dukani: homa au maumivu yakija, mpe parasetamo tu. Asipirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na ukienda zahanati yoyote kwa jambo lolote, mwambie mhudumu kabla hajafungua sindano kwamba mtoto huyu yuko kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, asichomwe sindano ya takoni.

Vidonge vipo. Warfarini ni ya zamani na ni nafuu, ila inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na dozi huyumba kila mtoto anapobadilisha chakula au kupewa antibayotiki. Kwa miezi mitatu tu, na kwa mtoto ambaye ametoka kuumwa, mimi binafsi siipendi. Kuna dawa mpya za kumeza, rivaroksabani na dabigatrani, ambazo Marekani na Ulaya ziliziidhinisha kwa watoto mwaka 2021. Hazihitaji vipimo vile vya kila wiki. Kama daktari wake anazitumia na mfuko unaruhusu, ni mazungumzo halali kabisa. Bei ikiwa kikwazo, hata ya sindano, usikatize dawa kimyakimya. Hospitali za rufaa zina ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yake ni kukusikiliza kabla dawa haijaisha.

Muda nao una la kusema. Zamani karibu kila mtoto aliambiwa miezi mitatu. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mkubwa uliolinganisha wiki sita na miezi mitatu kwa vijana na watoto ambao damu yao iliganda kwa sababu inayojulikana na ya kupita, na wiki sita zilitosha kwa wengi, mradi donge halikubaki limeziba mshipa kabisa na kingamwili zile za kugandisha hazikuendelea kuonekana. Baraka alipata donge pajani na mapafuni, kwa hiyo siwalaumu waliosema mitatu. Ila katika wiki ya sita muulize daktari wako arudie ultrasaundi ya mishipa ya mguu. Hapa mjini hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala zinaweza kukuelekeza Muhimbili kama kinahitajika kipimo kikubwa zaidi, na moyo ukitakiwa kutazamwa kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale pale Muhimbili.

Je, itarudi? Hapa ndipo ile habari njema. Damu iliyoganda kwa sababu inayojulikana, na sababu hiyo ikaondoka, hurudia kwa nadra. Mpira umetolewa, nimonia imetibiwa, mtoto anatembea. Vipimo viwili ningependa viwe vimefanyika: selimundu, na mkojo. Selimundu kwa sababu niliyoitaja, na mkojo kwa sababu kuna ugonjwa wa figo ambao mtoto huvuja protini, zikiwemo zile zinazozuia damu kuganda, na watoto hao hupata nimonia na madonge kirahisi. Mkojo wenye povu jingi na macho yaliyovimba asubuhi ndivyo vya kuangalia. Kuhusu vipimo vya kurithi, ambavyo ni vya gharama, sivikimbilii kama katika ukoo wenu hakuna kijana aliyewahi kugandisha damu. Na vikifanywa wakati mtoto anaumwa au yuko kwenye dawa, majibu hupotosha.

Kinachobaki ni mguu. Kama mtoto mmoja kati ya wanne walioganda damu mguuni hubaki na uzito, uvimbe wa jioni au maumivu akisimama muda mrefu, kwa sababu vali ndogo ndani ya mshipa, vile vilango vinavyozuia damu kurudi chini, ziliharibika. Ndiyo maana ya tepu ya bibi. Atembee, asikae na miguu imening'inia saa nyingi, na usiku weka mto chini ya mashavu ya miguu.

Mpira wa miguu bado. Miezi ya dawa ni ya kutembea, kuogelea kwa uangalizi, na kuwa refa. Kuanguka kichwa kwa mtoto ambaye damu yake haigandi upesi ni jambo tofauti kabisa na kuanguka kichwa kwa kawaida, na akigonga kichwa mpeleke hospitali hata kama anacheka. Mwandikie mwalimu wa darasa barua fupi, maana shuleni ndiko wanakosukumana. Dawa ikiisha na ultrasaundi ikiwa nzuri, uwanja ni wake.

Mkimbize hospitali bila kusubiri kliniki akianza kuhema upya, kifua kikimchoma akivuta pumzi, akikohoa damu, akizimia, mguu ukivimba upya au mguu wa pili ukianza. Vivyo hivyo damu ya pua isiyokoma ukiwa umeibana dakika 10, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au kichwa kuuma vibaya na kutapika. Mlangoni usiseme “ana kikohozi.” Sema “alipata donge la damu kwenye mapafu na yuko kwenye sindano za enoksaparini.” Sentensi hiyo inaruka foleni.

Na sasa mdogo wake. Kikohozi chake hakina maana kwamba naye atagandisha damu, wala kwamba amerithi kitu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ana mafua ya kawaida. Toa kadi yake ya kliniki utazame kama alipata chanjo ya nyumokoka mara zote tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Iko kwenye ratiba yetu tangu 2013, na ndiyo iliyopunguza sana nimonia zile za kutisha. Mwezi ujao akifika miezi 9 ana ya surua na rubela, usiiruke, surua huacha mapafu wazi kwa kila mgeni. Jiko la mkaa likae nje, hata mvua ikinyesha.

Leo usiku akiwa amelala au ametulia, mpandishe fulana, weka simu yako kwenye saa ya kuhesabu, na uhesabu tumbo linavyopanda kwa dakika moja kamili. Dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, maana watoto wadogo hawapumui kwa mwendo mmoja. Kwa miezi yake, 50 au zaidi ni haraka mno. Tazama pia chini ya mbavu kama ngozi inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, na kama ananyonya bila kuachia ziwa kutafuta hewa. Ikiwa chini ya 50 na dalili hizo hazipo, lala. Ikiwa 50 au zaidi, au mbavu zinabonyea, au amekataa ziwa, usisubiri kukuche. Ita bajaji.